Mama Hakunipa Bega

Juzi mujukuu wangu alinipeleka hospitali ya Himbi nikapigwe radio ya kifua. Sisi hapa Goma tunaita hivyo, radio, ile picha ya mashine inayoona mifupa na mapafu ndani ya mutu. Kijana wa mashine hata kunisalimia hakunisalimia. Aliketi mbele ya ekrani yake akasema kwa mbali, "Muzee, geuka kidogo." Kidogo! Kidogo ya nini, ya chumvi ao ya pombe? Nikamuambia, "Mutoto wangu, sema digri. Digri ngapi, na bega gani mbele?" Akacheka, akafikiri uzee umenipanda kichwani. Nilikasirika mpaka mujukuu akanishika mukono akaniomba nisimuaibishe mbele ya watu.

Hakujua anasema na nani. Mbele ya uhuru, wakati wa Wabelgiji, mimi nilikuwa infirmier, yaani muuguzi, wa chumba cha radio katika hospitali ya hapa. Goma ilikuwa ndogo sana: posti, maduka machache, bandari, na barabara ya Rutshuru inayopanda kati ya mawe meusi. Siku za radio watu walishuka toka Masisi na Rutshuru, wengine kwa miguu siku mbili nzima, na kila mumoja amevaa nguo yake ya kanisa. Walisema wanakwenda kupigwa picha, na mutu mwenye akili hapigwi picha na matambara.

Niseme kwanza namna chumba kilivyokuwa. Katikati kulisimama kibao, na ndani yake tulitia filimu. Taa ya mashine ilikuwa nyuma ya mugonjwa. Mbele yake, ng'ambo ya kibao, kulikuwa kajumba ka plomb, yaani madini ya risasi, kenye dirisha dogo la kioo kizito. Humo njo munganga, daktari wetu, na mimi tulijificha, kwa kuwa mionzi ile si ya kuchezea. Mugonjwa alisimama kifua kimegusa kibao, kidevu juu yake, akituangalia dirishani.

Picha ya hivyo, ya uso kwa uso, inatosha watu wengi. Lakini moyo ni nyama nzito, mionzi haiupiti vizuri, na nyuma yake kuna kipande cha pafu ambacho filimu haikioni. Mutu anaweza kuoza hapo nyuma na filimu ikasema ni muzima kabisa. Dawa yake ni kumugeuza. Si ubavu wote, hapana, nusu tu, digri arobaini na tano. Bega la kuume linabaki kwenye kibao, la kushoto linarudi nyuma, na uso unaelekea kushoto kwake. Hapo moyo unasogea pembeni kama mutu anayemupisha mwenzake mulangoni, na kile kilichojificha kinatoka. Kiswahili safi kinasema picha ya mushazari. Sisi tulisema oblike, na nilikuwa fundi wake.

Wacha nijisifu, hakuna tena mwingine wa kunisifu. Niliazima ekeri ya seremala, ile ya kupimia pembe, nikapima sakafu, nikachora nyayo za miguu kwenye simenti. Nyayo nyeupe ni za kusimama sawa. Nyayo nyekundu, kwa rangi iliyobaki walipopaka mulango wa hospitali, ni za oblike. Munganga, Mubelgiji murefu asiyecheka hovyo, alikuja akaweka viatu vyake juu ya nyayo nyekundu, akageuka, akaitika kwa kichwa. Siku hiyo nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

Kumbe nyayo hazitoshi! Watu walikanyaga nyekundu vizuri sana. Niliwageuza mabega kwa mikono yangu miwili, wakatii, wakatulia. Halafu naingia kajumbani, naita, "Vuta pumzi! Shika!" na kabla sijafinya kifungo, mutu ameshajirudisha sawa. Miguu iko kwa nyekundu, kifua kiko kwa nyeupe, kiuno kimejikunja kama nguo inayokamuliwa. Filimu imeharibika.

Mwanzo nilifikiri ni ujinga. Haukuwa ujinga, ilikuwa malezi. Kwetu, watu wa milima ile, humuonyeshi mukubwa wako bega. Mutoto akisalimia muzee anasimama mbele yake na kifua chake chote. Mwanamuke akiketi na kumupa mume wake bega, majirani wanajua mule ndani moto umewaka. Sasa munganga yuko pale dirishani, mutu mukubwa, amekuja toka Ulaya kukuangalia, na wewe umupe bega? Nikiwa karibu walivumilia. Nikiondoka tu, adabu inawashika. Muzee mumoja wa Rutshuru aliniuliza, "Mwanangu, unataka nisimame mbele ya munganga kama mutu aliyegombana na bibi yake?" Benchi lote la wagonjwa likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Lakini filimu zilikuja chache, kwa meli ya Bukavu, na kila iliyoharibika munganga alisema maneno ya Kiflama, lugha ya kwao, ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa.

Basi, nifike kwa mama. Nimezunguka mbali, najua. Nikianza kumusema huwa nazunguka.

Mama alikaa Masisi, mujane, na ng'ombe watano na dada yangu mukubwa na watoto wa dada. Tangu mvua ya kwanza alikuwa anakohoa. Ukimuuliza anasema, "Ni baridi ya mulima, itashuka na mulima wake." Nguo zilianza kumuzidi. Dada alimubembeleza, akamugombeza, mwisho akamupakia kwa nguvu kwenye kamyo, lori la mboga, wakashuka Goma. Mama alifika amebana kati ya magoti chombo cha muti chenye maziwa, na kifuniko chake cha kusukwa kilichochongoka juu. Njia yote ile ya mashimo hakumwaga hata tone. Kabla hajanisalimia alinivuta akaninyoosha kola ya koti langu jeupe mbele ya wagonjwa wote, mimi infirmier mwenye mke nyumbani. Watu walicheka. Leo ningetoa nini mutu aninyooshee kola!

Sasa sikia jambo lenyewe. Wakati ule kila mutu alijua: radio ikisema una kifua kibaya, yaani kifua kikuu, unavushwa ziwa. Kulikuwa na nyumba ya wagonjwa wa kifua kwenye mulima mumoja upande wa Bukavu. Sindano mpya zilikuwa zimefika huko na wengine walikuwa wanapona, lakini wengi hawakurudi, na watu wa milimani waliwahesabu hao tu. Mama hakuogopa kifo. Aliogopa kufia mbali na kuzikwa na watu wasiomujua. Baba alilala nyuma ya ua wa ng'ombe, na nafasi ya mama ilikuwa kando yake, ameshaifagia mwenyewe kwa mikono yake, na kila mwaka aling'oa majani yaliyoota hapo. Alikuwa anatuonyesha kama vile mutu anaonyesha chumba chake.

Tulimupiga radio ya kawaida, uso kwa uso. Alisimama vizuri ajabu, ungesema amezaliwa juu ya nyayo nyeupe. Munganga akaweka filimu kwenye taa, akaangalia kushoto, akaangalia kuume. "Safi," akasema. "Arudi nyumbani." Mama akapiga makofi mara mbili, akamushukuru munganga kwa kuinama mpaka chini. Mimi nilifurahi kuliko wote.

Muchana ule ule dada alinivuta nyuma ya jiko la hospitali. Akafungua kitambaa alichokunja ndani ya kitenge chake. Kilikuwa na damu, mupya na ya zamani. "Anavifukia ndani ya mavi ya ng'ombe," akasema. "Anafikiri sioni. Na mutoto wangu wa mwisho analala naye kitanda kimoja. Ameanza kukohoa naye." Nilitaka kumuambia dada anyamaze. Nilitamani asingekifungua kile kitambaa. Lakini kazi yangu ilikuwa radio, na nilijua vizuri kuliko yeye mahali ambapo filimu haioni.

Kesho yake nilimuendea munganga. "Tumuangalie nyuma ya moyo," nikasema. "Oblike."

Akaniuliza, "Unaomba kama infirmier ao kama mutoto wake?"

"Kama wote wawili, Munganga."

Akafungua sanduku. Filimu kubwa za kifua zilibaki tatu, na meli ilikuwa bado siku nyingi. Akachukua mbili akazitia mikononi mwangu. "Mbili," akasema. "Ya tatu ni ya mutu mwingine asiye na mutoto hapa." Ilikuwa haki. Sikumuchukia kwa hiyo.

Nilimusimamisha mama kwenye nyayo nyekundu. Nilishika mabega yake, nikayasikia kwa vidole yalivyokonda, nikayageuza. Yalikuwa mepesi mno, nikawa kama nageuza koti tupu. Nikaingia kajumbani. "Vuta pumzi, mama. Shika." Nikafinya. Kwenye chumba cha giza, filimu ilipoanza kujitokeza ndani ya maji ya dawa, niliona mbavu zimelala sawa, moyo katikati. Alikuwa amejirudisha!

Nilitoka nikamugombeza mama yangu. Naandika hivi na aibu inanila. Nilimuambia, mbele ya munganga, kwamba amepoteza filimu, kwamba hasikii, kwamba ni watoto tu wanaofanya hivyo. Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, mikono imefungwa tumboni. Halafu akasema polepole, "Nimupe munganga wako bega, mwanangu? Ataenda kuuliza, huyu infirmier alilelewa na mama gani?" Ningefanya nini? Nikacheka, na hasira ikaisha.

Ilibaki filimu moja. Nilisimama na kufikiri. Kama mama hawezi kumupa munganga bega, basi munganga asiwe mbele yake. Lazima mutu mwingine awe mbele, kule uso wa oblike unakoelekea. Nikamuomba munganga abaki kajumbani afinye kifungo yeye mwenyewe. Tulikuwa na tablier moja, aproni ya plomb, nzito kama gunia la viazi. Nikaivaa, nikatoka, nikatembea hatua mbili kuume kwangu, nikasimama ukutani pale ambapo vidole vya nyayo nyekundu vinaelekea.

"Mama," nikasema, "achana na munganga. Yeye hayuko. Niko mimi tu. Niangalie mimi."

Aliangalia dirisha la kajumba. Akaniangalia mimi. Akarudi kuangalia dirisha, na alikawia hapo. Nilifikiri adabu inapigana ndani yake, nikamungojea. Halafu akageuka, mama yangu, kifua chake chote kikanielekea, bega la kuume kwenye kibao, uso umeinuka kidogo, macho yake ndani ya yangu. Tangu nilipoanza kazi ile sikuwahi kuona oblike nzuri namna ile. Digri arobaini na tano, hata ekeri isingemusahihisha.

"Vuta pumzi, mama. Shika."

Mashine ikalia. Na mimi, fundi, nilisahau kusema pumua. Nilikuwa namuangalia tu. Alishika pumzi mpaka machozi yakamjaa, halafu ikamutoka yote kwa kikohozi na kicheko pamoja. "Wee mutoto! Unataka kuniua na pumzi yangu mwenyewe?" Munganga naye alicheka, mara ya kwanza nimusikie.

Niliingia chumba cha giza peke yangu. Chini ya taa nyekundu filimu ikajitokeza polepole: mbavu zimepangwa kwa mushazari, moyo umesogea, na nyuma yake, pale hasa, kivuli cha ukubwa wa limau chenye tundu katikati. Hakukuwa na shaka. Ni kidonda kinachotema ugonjwa kila anapokohoa.

Kando ya kiwiko changu kulikuwa kifungo cha taa nyeupe. Ukiwasha taa nyeupe mbele ya filimu kukamilika, inaungua, inakuwa nyeusi tupu. Munganga angesema maneno yake ya Kiflama na basi. Filimu mbili zimekwisha. Mama angepanda kamyo ya siku ya sita ya juma, angerudi kwa ng'ombe wake na kwa ile nafasi aliyoifagia. Mukono wangu ulifika kwenye kifungo, sikatai, ulifika na ukakaa juu yake. Nilimufikiria yule mutoto wa dada analala amemukumbatia nyanya yake, uso kwa uso. Nikaondoa mukono. Nikatia filimu kwenye maji ya mwisho, yale yanayoikamilisha, nikakaa chini kwenye simenti nikalia, kimya, maana mama alikuwa kwenye benchi nyuma ya mulango.

Watu husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nimelisema neno hilo kwa wagonjwa mara nyingi sana, kwa sauti ya mutu anayejua. Tangu siku ile sijalisema tena.

Siku ya meli tulimushusha bandarini, dada, mke wangu na mimi. Mama alivaa kitambaa chake cheupe, fundo kwenye bega. Muzigo wake ulikuwa mudogo: blanketi, sufuria, chombo cha maziwa ambacho sasa kilikuwa kitupu. Wagonjwa wa kifua walipandishwa peke yao, na sisi tulikatazwa kukaribia. Mimi niliruhusiwa, kwa sababu ya koti langu jeupe. Nilibeba muzigo mpaka kwenye ubao wa kupandia.

Hapo akasema, "Nikuambie kitu, usikasirike."

"Sema, mama."

"Ile picha ya kwanza ya kugeuka, sikujirudisha kwa adabu. Pale kwenye benchi wale wengine walikuwa wameniambia: ukisimama sawa inakuacha, ukigeuka inakuona. Nikasema, basi nitasimama sawa. Nilijua damu yangu. Nilitaka kifo kinikute nyumbani."

"Na ya pili?" nikamuuliza. "Mbona uligeuka?"

Akanyoosha kola yangu. "Ya pili wewe ulitoka ukasimama kule," akasema. "Sasa ningefanyaje? Nikupe bega wewe?"

Halafu akachukua muzigo wake mukononi mwangu akapanda.

Alisimama kwenye chuma cha pembeni, ametuelekea. Meli ilipoanza kuzunguka ili itoke bandarini, watu wote waliokuwa pembeni walijikuta wanaangalia upande mwingine. Yeye hakubaki pale. Alitembea akishika kile chuma, hatua kwa hatua, meli inazunguka naye anazunguka, mpaka nyuma kabisa, ili kifua chake kibaki kwetu. Dada alikuwa analia kwa sauti. Mimi nilikuwa nahesabu hatua zake, sijui kwa nini, na zilipokwisha sikuweza tena kumutofautisha na wengine.

Mutoto wa dada alipewa dawa mapema, akapona. Leo ni nyanya mwenye sauti kubwa, anauza maharagwe mutaani Mabanga, jirani yangu, na kila Noeli ananiletea debe. Wote wananiambia, ulifanya vizuri. Najua nilifanya vizuri. Hakuna anayehitaji kunifundisha. Lakini kufanya vizuri hakumurudishi mama kwenye kamyo ya Masisi.

Alikaa huko miezi minane. Infirmier wa kule alituandikia barua kwa niaba yake. Mama aliuliza habari ya ng'ombe mwenye doa, kama amezaa. Aliuliza kama mutoto anakohoa bado. Kila barua ilimalizika kwa maneno yale yale: sindano zinauma, maziwa ya huku ni maji. Niliomba ruhusa ya kwenda. Kazini hakuna wa kunibadili, wakasema ngoja. Nikapewa karatasi ya njia, nikaambiwa sahihi moja imekosa. Siku karatasi ilipokamilika, barua nyingine ilikuwa imeshafika, ya Kifaransa, mistari mitatu, imepigwa kwa mashine.

Nilikwenda hata hivyo. Kaburi lilikuwa kwenye muteremko, musalaba wa ubao na namba. Udongo ulikuwa tayari umeota majani. Nikayang'oa yote. Nilikaa pale muchana mzima nikimuambia habari za ng'ombe mwenye doa, ambaye alikuwa amezaa, na nilimuomba anisamehe. Sijui kama alinisamehe. Chombo cha maziwa hawakukiona.

Niliporudi nilimuomba munganga kitu kimoja. Mama hakuwa na picha. Kulikuwa na mupiga picha hapa Goma, na tulikuwa tumepanga kumupeleka siku afya yake itakaporudi na nguo zitakapomukaa vizuri. Sasa dunia nzima kivuli chake kilibaki kwenye filimu zetu tu, na mimi nilitaka ile ya mwisho, ya oblike. Sheria ilisema filimu za hospitali hazitoki. Munganga alifungua kabati, akaitafuta mwenyewe, akaitia kwenye bahasha ya kaki, na akaangalia nje ya dirisha wakati naiweka ndani ya koti.

Nimeishi na bahasha ile kupita ndoa yangu, maana mke wangu naye ametangulia. Nimehama nayo nyumba tano. Siku moto wa volkano uliposhuka mujini, watu walikimbia na magodoro, na masufuria, jirani mumoja alikimbia na mulango wake. Mimi nilitoka na bahasha kifuani, na viatu visivyolingana. Mujukuu wangu anapenda kusimulia hiyo habari ya viatu, na mimi namuacha asimulie.

Huwa naitoa siku ambazo hamu yake inanizidi, na sasa siku hizo ni nyingi. Ninaibandika kwenye kioo cha dirisha asubuhi, mwanga unapokuwa mweupe. Wageni wakiiona wanaona mbavu. Yule kijana wa Himbi angeiona angesema, huyu mugonjwa amegeuka, picha si ya mbele. Na kwa kweli ukisimama katikati ya dirisha, mama hakuangalii. Anaangalia pembeni, amekupa bega.

Kwa hiyo sisimami katikati. Natembea hatua mbili kuume, mpaka ukutani, mahali ambapo nyayo nyekundu zingeelekea. Nanyoosha kola yangu mwenyewe. Hapo kifua chake chote kiko kwangu, na moyo wake umesogea pembeni, na pumzi imemujaa mbavu zote kama nilivyomuambia.

"Shika, mama," nasema.

Na lile neno lingine, pumua, silitamki. Nilisahau kulisema siku ile, na sasa ninakataa, kwa sababu najua nikilisema atacheka, atakohoa, na atakwenda kuchukua muzigo wake.